Nianzie kitabu gani kuuelewa ujamaa?

Nashona kwa cherehani za tajiri. Nimefungua *Capital* ya Karl Marx mara tatu, kila mara nakwama kurasa za mwanzo. Je, tatizo ni mimi? (Fundi, Ngarenaro, Arusha)

Si wewe, ndugu yangu. Marx mwenyewe, katika dibaji ya juzuu lile la 1867, aliwaonya wasomaji kuwa sura ya kwanza ndiyo itakayowasumbua zaidi. Liweke kando kwa sasa. Tafuta kijitabu chake kifupi kuhusu kazi ya ujira na mtaji, kilichotokana na mihadhara aliyowapa wafanyakazi wa Kijerumani mjini Brussels mwaka 1847. Humo utamkuta mfumaji anayepewa mtambo na uzi na tajiri, kama wewe unavyopewa cherehani na kitambaa. Marx anaeleza kwamba mshahara si fungu la mfumaji katika nguo aliyoifuma. Ni fedha ambayo tajiri alikuwa nayo tangu awali, akainunulia nguvu kazi kama alivyonunua uzi. Hapo simama. Chukua daftari, andika bei ya gauni dukani, gharama ya kitambaa na nyuzi, kodi ya fremu, kisha ujira wako. Ukimaliza hesabu hiyo, rudi kwenye kijitabu.

Kiingereza kinanipiga chenga. Kuna cha Kiswahili? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi)

Kipo, mwanangu, tena ni cha nyumbani. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, iliyokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Februari 5. Ni fupi na Kiswahili chake kimenyooka. Usiruke miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kisha soma Elimu ya Kujitegemea na Ujamaa Vijijini, maandiko ya Mwalimu Nyerere ya mwaka huohuo.

Babu anasema ujamaa ulituletea foleni za sukari. Kwa nini nijisumbue? (Sakina, Arusha)

Msikilize babu, yeye ni shahidi. Ujamaa Vijijini ilitaka watu waingie vijijini kwa hiari, lakini katika operesheni za miaka ya 1970 wengi walihamishwa kwa nguvu. Anayekuficha hilo hakufundishi. Ndiyo maana nasisitiza wakosoaji waliokuwa wajamaa wenyewe: Issa Shivji, kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, anaonyesha jinsi warasimu wa dola, yaani maofisa wakubwa wa serikali, walivyogeuka tabaka lenye maslahi yake. Abdulrahman Babu, aliyewahi kuwa waziri wa Nyerere, naye aliandika kitabu chake cha ukosoaji mwaka 1981. Vyote viwili ni vya Kiingereza, vipe muda.

Ilani ya Kikomunisti au Walter Rodney? (Kijenge, Arusha)

Ilani ya Marx na Engels ya 1848 kwanza, inasomeka jioni moja. Kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alichokichapisha mwaka 1972 akiwa mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, kifuate: yeye ndiye anayeiweka Afrika katikati ya hadithi.

Tuko sita, tunakutana Jumapili. Tusomeje? (Pasua, Moshi)

Kurasa kumi tu kwa kikao. Mmoja asome kwa sauti, na asiyeelewa amkatishe bila aibu. Siku ya Ujamaa Vijijini, mwalikeni mzee aliyekuwa akiuza kahawa yake kupitia KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kabla serikali haijavunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Mwacheni aongee kwanza, ndipo mfungue ukurasa.