Jibu: Nimeshusha bei na nalipia tangazo, mbona viatu haviendi?

Habari ndugu. Umesema umeshusha kutoka 25,000 hadi 22,000, unalipia tangazo Instagram, watu wanauliza bei kisha kimya.

Kagua kwanza posti zako. "Bei njoo DM" inafukuza mtu mwenye hela mkononi. Ukichelewa kumjibu, ameshanunua kwa jirani. Andika bei juu ya picha, saizi zilizobaki, na nauli ya boda toka Kariakoo hadi Mbagala au Tegeta.

Punguzo liondoe. Kama mzigo unauchukua kwa 18,000, faida imetoka 7,000 hadi 4,000: faida ya pea 4 za zamani sasa inataka uuze 7, na hela ya tangazo bado hujaitoa! Tangazo lisimamishe kwanza. Wateja wa zamani watumie picha za mzigo mpya WhatsApp.