Barua kwa mwanangu kuhusu mauaji ya risasi vyuoni Marekani

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea salamu zako pamoja na swali lako. Baada ya chuo kuwafundisha namna ya kujifungia darasani endapo ataingia mtu mwenye silaha, umeniuliza mambo haya yalianza lini huko Marekani, na kama vyuo vimejifunza lolote.

Wengi huanza kuhesabu tarehe 1 Agosti 1966, Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Mwanafunzi aliyewahi kuwa mwanajeshi alimuua mama yake na mkewe usiku, na mchana wake akapanda mnara wa chuo na bunduki zake, akawapiga risasi watu waliokuwa chini kwa zaidi ya saa moja na nusu, mpaka polisi walipomfikia na kumuua. Linaloniuma zaidi ni kwamba miezi michache kabla yake alikwisha kumweleza daktari wa akili wa chuo hicho hicho kuwa anawaza kupanda mnara ule na kuwapiga watu risasi. Aliambiwa arudi wiki iliyofuata, naye hakurudi.

Karibu miaka 41 baadaye, tarehe 16 Aprili 2007, watu 32 waliuawa katika chuo cha Virginia Tech. Huko nako dalili zilikuwapo: mwaka 2005 hakimu aliamua kwamba kijana aliyekuja kuwaua ni hatari kwa nafsi yake na anahitaji matibabu, lakini uamuzi huo haukuingizwa katika kumbukumbu za serikali kuu zinazokaguliwa mtu anaponunua bunduki, naye akauziwa bastola mbili. Asubuhi ile aliwaua wawili bwenini, na zilipita zaidi ya saa mbili kabla chuo hakijawaandikia wanafunzi, ambao wengi walikwisha kwenda madarasani. Kisha akaenda jengo la madarasa la Norris, akafunga milango yake kwa minyororo; humo Profesa Liviu Librescu, mzee wa miaka 76 aliyenusurika mauaji ya Wayahudi barani Ulaya, aliuzuia mlango kwa mwili wake wanafunzi wake wakirukia dirishani, akauawa hapo. Mungu amrehemu.

Ujumbe wa tahadhari unaoingia katika simu yako umetokana na siku ile, kwa kuwa mwaka 2008 sheria ilivitaka vyuo kuwaarifu watu mara tu hatari inapothibitishwa. Hata hivyo mauaji hayakukoma katika vyuo vingine: Northern Illinois mwaka huo huo, Umpqua mwaka 2015, Michigan State mwaka 2023. Nayo Texas, tarehe 1 Agosti 2016, miaka 50 kamili baada ya mnara ule, ilianza kuwaruhusu wenye leseni kuingia na bastola zilizofichwa katika majengo ya vyuo vikuu vya umma, jambo ambalo mimi siwezi kuliita kujifunza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vyuo vimejifunza kutoa taarifa, ila taarifa haitoki mpaka mtu aliyesikia aseme. Mwenzako akitamka maneno kama yale ya Austin, yapeleke siku hiyo hiyo kwa ofisi ya ushauri wa wanafunzi, hata kama unamwonea haya. Ukishajua ofisi hiyo iko jengo gani, niandikie.

Mama yako