Dada hajala, kaka hajalala

Swali la wiki: Watoto wa rika tofauti wanaweza kujifunza kuchapa pamoja nyumbani, kwa kompyuta moja?

Kompyuta moja inatosha, somo moja halitoshi. Nilianza kwa kuwapa wanangu watatu zoezi lile lile, na kufikia siku ya tatu mdogo analia, mkubwa kanuna.

Wa kati, mwenye miaka 9, hakunisumbua. Vidole vinafika na bado hajazoea vibaya. Nilimwambia afumbe macho atafute vile vipele viwili kwenye F na J kwa vidole vya shahada. Akivipata, mikono imekaa mahali pake. Hapo ndipo nilipogundua utamu wa Kiswahili: kinapenda A, na A ipo mstari wa kati. Siku ya kwanza tu alichapa "dada hajala kaka hajalala" bila kuhama mstari huo, akacheka mwenyewe. Ila A hiyo hiyo inapigwa na kidole cha mwisho cha kushoto, kinyonge kuliko vyote, na kinachoka. Dakika 15, basi.

Mdogo ana miaka 6. Vidole kumi sikumdai, kiganja chenyewe hakijatanuka. Herufi za kushoto mkono wa kushoto, za kulia mkono wa kulia, miguu juu ya kigoda. Aliniuliza nani kavuruga ABC. Nikamwambia mpangilio huo umetoka kwenye mashine za chapa za Marekani za miaka ya 1870, na waliozitengeneza hawakuwaza Kiswahili: ndiyo maana Q na X kwetu zimekaa bure.

Mtihani ni yule mkubwa, mwenye miaka 14. Alishakuwa na mbio zake za vidole viwili, na kumrudisha mwanzo mbele ya wadogo zake ni kumvunjia heshima. Nikawa namfundisha peke yake usiku, taulo jepesi limefunika mikono asichungulie. Kasi ikashuka, akakasirika, nami nikazidisha moto kwa kumpimia muda. Nilipoweka saa kando na kuhesabu makosa tu, akatulia.

Juzi nimemkuta kajifunika taulo mwenyewe, anamwandikia rafiki yake barua ndefu, macho kwenye skrini. Mdogo kasimama begani kwake, anamhesabia makosa.