Nimenakili modeli yote, grafu imelala tu

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma masters ya baiolojia, nimechukua modeli ya represileta, ile ya mwaka 2000 ya jeni tatu zinazozimana kwa mzunguko ndani ya bakteria E. coli. Milinganyo yote nimeitoa kwenye PDF nikaichapa mwenyewe. Grafu yao inapanda na kushuka kama mawimbi, yangu imelala kabisa, wiki ya pili hii. Supavaiza anasema nimekosea kunakili. Nifanyeje?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Wala usijione hujui, maana mwaka 2021 watafiti walitoa matokeo ya kurudia modeli 455 zilizochapishwa, na karibu nusu zilikataa kutoa majibu yaliyoandikwa, mara namba fulani haipo, mara alama imegeuka, mara thamani za mwanzo hazijatajwa.

Hapo kwenye thamani za mwanzo ndipo nakuomba uangalie leo hii. Je, jeni zote tatu umezianzishia kiasi sawa? Kama ndiyo basi umempata mchawi, kwa sababu zikianza sawa zinazimana kwa nguvu sawa, hakuna inayotangulia, na grafu inatulia flati hata kama milinganyo yako ni sahihi herufi kwa herufi. Ipe moja kiasi tofauti na wenzake uone.

Halafu acha kunakili kwa mkono jamani, unajitesa. Kuna SBML, fomati ya kuandikia modeli iliyoanzia chuo cha Caltech kule Marekani mwaka 2000, ni faili la XML, yaani maandishi yenye lebo, ambalo kila kitu kina mahali pake, protini ipi, inaanza na kiasi gani, inatengenezwa na kuoza kwa kasi ipi, na programu tofauti zinalisoma vilevile. Modeli yako iko BioModels, hifadhi ya Uingereza iliyofunguliwa mwaka 2005, tafuta BIOMD0000000012, pakua, fungua na COPASI, programu ya kuendesha modeli ambayo ni ya bure.

Ila SBML inabeba modeli tu, haisemi uliirun kwa muda gani wala ulichora nini, hiyo ni kazi ya SED-ML, fomati nyingine, na mimi naona thesis ya modeli isiyo na mafaili yote mawili haijakamilika, samahani kwa kusema hivyo. Yafunge pamoja kwenye faili moja la OMEX, atakayekuja nyuma yako asikeshe kama wewe.

Ukishalifungua hilo la BioModels weka thamani zao za mwanzo pembeni ya zako, kisha mpelekee supavaiza grafu zote mbili.