Babu alipotelea Ulaya? Anza kwenye nyumba za maskini

Wiki iliyopita kaniandikia dada mmoja wa Kizanzibari anayeishi Leicester. Babu mzaa mama yake aliondoka Unguja na meli ya Waingereza kabla ya Vita vya Kwanza, hakurudi, na kwao husemwa tu kwamba "alizama". Anataka kujua aanzie wapi kumtafuta. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini jibu lenyewe ni refu na lina machungu yake, basi naliweka hapa mbele ya wote.

Anza kwenye madaftari ya nyumba za maskini za Uingereza, zile walikoishia wasio na kitu.

Najua wapo watakaokunja uso. Ukoo wangu ulikunja mzima mzima. Nilipotuma picha ya ukurasa wa daftari kwenye kundi letu la WhatsApp, nikingoja angalau "mashaallah" moja, ami yangu mkubwa aliandika mstari mmoja: "Kwetu hakukuwa na fukara." Wakafuata watu wa dole gumba. Shangazi yangu mmoja mpaka leo hapokei simu yangu. Wameniomba nisitaje jina la mzee, nami silitaji, ila kisa nitakisimulia, maana aliyemtafuta ni mimi na aliyempata ni mimi.

Kwetu tumekua tukiambiwa babu yule alikuwa serangi, mkuu wa mabaharia, mtu wa kanzu safi na saa ya mfukoni. Daftari linasema alikuwa mchochea moto, yaani mtu wa kutia makaa kwenye tanuri la meli, chini kabisa, kwenye joto. Waingereza waliajiri watu wengi wa Zanzibar kwa kazi hiyo, katika meli za kivita na za biashara, wakiwaita "Seedie", na wengi katika hao walikuwa watumwa walioachwa huru au watoto wao. Ami anajua vizuri kazi ile ilifanywa na nani. Nadhani hapo ndipo panapomuuma, ufukara ni kisingizio tu.

Sasa tuje Ulaya yenyewe. Sheria ya mwaka 1834 iliziunganisha parokia za Uingereza na Wales, kila muungano ukawa na nyumba yake ya maskini na bodi ya kuisimamia. Mtu asiye na kazi, mgonjwa, mjane, mzee, wote waliishia mle. Bodi zile zilivunjwa mwaka 1930 na sheria yenyewe ikazikwa 1948. Kwa mabaharia wetu, mitaa ya kuangalia ni ile ya bandarini: Poplar, Stepney na Limehouse mashariki mwa London, Liverpool, Cardiff. Limehouse palikuwa pia na hosteli maalumu ya mabaharia wa Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, iliyofunguliwa mwaka 1857 kwenye barabara ya West India Dock. Meli iliyomshusha mtu mgonjwa haikumngoja apone.

Mimi nilimpata wangu kwenye daftari la dini. Tangu mwaka 1869 kila nyumba ililazimika kuandika dini ya anayeingia, ili padri wa madhehebu yake ajue wa kumtembelea. Kwetu sisi ni neema, kwa sababu katika kurasa zilizojaa Waanglikana na Wakatoliki wa Ireland, Mwislamu anaonekana toka mbali. Kwenye mstari wake karani kaandika "Mahomedan", kisha mtu mwengine, kwa wino uliopauka zaidi, kaongeza alama ya kuuliza. Sababu ya kuingia: hana kitu, mguu mbovu. Niliusoma mstari ule mpaka mtunza nyaraka akaja kuniuliza kama niko salama.

Waliojiweza mle walipewa kazi, na mojawapo ilikuwa kufumua kamba kuukuu za meli, uzi mmoja mmoja kwa vidole, ziwe nyuzi za kalafati, za kuzibia nyufa za mbao za meli. Baharia wa Unguja, hana meli, anatengeneza kalafati ya meli za wenzake. Sijui kama ami alifika kwenye sehemu hii ya ujumbe wangu.

Majina ndiyo kazi kubwa. Karani aliandika alichosikia, na "bin" aliidhani ni sehemu ya jina la ukoo, kwa hiyo Juma bin Saidi mtafute chini ya B. Mtafute chini ya J pia, na S, na Z ikiwa kiherufi kimevurugika. Litamke jina kwa sauti, ujisikilize kama Mwingereza wa Poplar. Tafuta kwa kazi na mahali pa kuzaliwa kabla ya jina. Narudia: mahali pa kuzaliwa kabla ya jina. Cheti cha kuzaliwa cha baada ya mwaka 1904 huenda hakitaji nyumba ya maskini kabisa, kina namba ya nyumba na jina la mtaa tu. "144A Brownlow Hill" ya Liverpool ilikuwa nyumba ya maskini na kila mtu mjini alijua. Madaftari ya London yako kwenye hifadhi ya jiji, Clerkenwell, na mengi yamo kwenye tovuti ya nasaba ya Ancestry, ambayo maktaba nyingi za Uingereza zinakuruhusu kuitumia bure.

Ndugu zangu, tunapenda sana nasaba za masharifu na wenye mikarafuu. Tajiri huacha wasia, hati ya shamba, kesi ya mirathi. Asiye na kitu huandikwa siku anayoomba chakula, na akiandikwa huulizwa umri, kazi, dini, alikotoka. Ukiona haya kufungua daftari hilo, umemfuta kwa mkono wako. Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha vya kutosha. Hata Unguja ya wakoloni ilikuwa na nyumba yake ya maskini, Welezo, na wapo wasomaji wangu ambao wazee wao waliishia huko na hawathubutu kuuliza.

Dada wa Leicester, wewe una bahati kuliko mimi. Kwa kuwa aliondoka kabla ya vita, jaribu kwanza orodha za mabaharia wa meli za biashara za mwaka 1915. Zimewekwa mtandaoni bure, na nyingi zinataja umri na mahali alipozaliwa mtu. Ukimpata humo, utapata na jina la meli, na meli itakupa bandari ya kutafutia nyumba ya maskini. Usimlipe mtu wa kukutafutia bado. Nitumie kwanza jina lake kama bibi yako anavyolitamka, si kama lilivyo kwenye pasipoti.