Maswali ya wasomaji: Majitaka ya kijiji kilicho juu ya mchanga

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji cha watu wapatao 300, kando kabisa ya bahari. Kila nyumba ina shimo lake la choo. Siku hizi visima vinanuka na ufukwe umejaa mwani wa kijani. Mfadhili anataka kutuletea mtambo wa umeme wa kusafisha majitaka, wazee wanasema tuvute bomba tu hadi baharini. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, Katibu. Bomba la majitaka ghafi lisijengwe. Kinachoondoka maji yakipwa hurudi yakijaa, hasa kwenye ghuba. Tena chaza na kombe hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo virusi hujikusanya ndani yao. Mwaka 1988 mjini Shanghai watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A baada ya kula kombe waliovuliwa kwenye maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Wasomee wazee habari hiyo kikaoni.

Mtambo wa umeme ukitunzwa hutoa maji safi. Hupuliza hewa usiku na mchana ili bakteria waule uchafu. Hewa ikikatika kwa muda mrefu, bakteria hao hufa na majitaka hupita karibu kama yalivyoingia. Muulizeni mfadhili: mashine ya kupuliza ikiungua, nani ataibadilisha, na kwa fedha ipi? Kama hana jibu, mshukuruni, kisha mwombeni fedha hizo zifanye kazi nyingine.

Kazi hiyo ianzie chini ya miguu yenu. Mchanga hupitisha maji upesi mno kuweza kuyachuja. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Pimeni kina cha maji hayo wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ikiwa imejaa, kwa sababu maji ya ardhini karibu na ufuko hupanda pamoja na bahari. Naamini mtakuta mashimo mengi yamezama, na harufu ya visima inatoka humo.

Kwa hiyo mashimo yabadilishwe yawe matangi yasiyovuja, yenye vyumba viwili, hata nyumba tano zikichangia moja. Tangi huzuia tope na mafuta, na hupunguza mzigo wa uchafu kwa theluthi moja hadi nusu. Chukueni mti mrefu, uzungusheni kitambaa cheupe, uzamisheni hadi chini: alama itakayobaki itaonyesha kina cha tope. Tope na utando wa juu vikifika theluthi ya tangi, ita gari la kunyonya. Kijiji kisichokuwa na mpango wa tope hilo bado hakijasafisha majitaka yake.

Usiku wa bamvua, watu wakiwa wamelala, mtu akae penye mdomo wa tangi. Maji yakitiririka wakati hakuna anayetumia choo, bahari inaingia mahali. Mipasuko inayoiingiza izibwe mapema. Maji ya bahari yana salfeti, na bakteria huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo nayo huzaa asidi inayokula zege kwenye dari ya bomba na tangi.

Sasa mwani. Unalishwa na naitrojeni iliyomo kwenye majitaka, na tangi haliipunguzi sana. Inatoka humo kama amonia. Ili iondoke inahitaji hali mbili: kwanza hewa, bakteria waigeuze kuwa naitreti, kisha mahali pasipo hewa, bakteria wengine waigeuze kuwa gesi ya kawaida iliyomo angani. Ndiyo maana napendekeza vitanda viwili vya kokoto na matete, yaani mashimo mapana yaliyojazwa kokoto na kupandwa matete, ya kupitishia maji yatokayo tangini. Cha kwanza kimwagiwe maji juu kwa vipindi, kikauke kidogo katikati ili kivute hewa. Cha pili kijae maji muda wote, yakipita pole pole chini ya kokoto, mbu wasipate pa kuzalia. Kama ardhi ina mteremko, saifoni, yaani bomba lililopinda linalomwaga maji lenyewe yakifika kimo fulani, itamwaga kwa vipindi hivyo bila umeme. Kwenye nchi za joto mimi hutenga kama mita 2 za mraba kwa mtu, yaani mita 600 za mraba kwenu. Najua ardhi ya pwani ni ya kugombaniwa, lakini eneo hilo halikwepeki.

Maji ya mwisho bado yana vijidudu. Yamwagilieni miti, mbali na visima, na msimwage klorini ovyo, kwani huua viumbe wa baharini.

Nitumie kina cha maji kisimani wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, pamoja na mchoro wa nyumba na mteremko. Nikivipata nitawapigia hesabu ya matangi na vitanda.