Kabla Hujanunua Feni ya Pili, Pindua Godoro

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Tanga. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu. Tangu Januari ianze, mtoto hashiki usingizi kabla ya saa nane usiku. Analia, anagaragara kitanda kizima, na asubuhi mama anakwenda kazini macho mekundu. Wameshanunua feni ya pili. Mwisho akaandika: "Dada, naanza kuhisi tatizo ni mimi. Wenzangu wanalaza watoto saa mbili."

Nilipofika hapo nikaweka simu pembeni, nikanyamaza kwa muda. Mdogo wangu, maneno hayo mimi niliambiwa mbele za watu.

Ilikuwa Februari, mwaka juzi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala, nyumba ya matofali ya saruji, juu mabati matupu bila dari. Wanaoijua Dar es Salaam wanajua miezi hiyo. Mchana nyuzi 32, na usiku wenyewe haushuki sana chini ya 25. Halafu kuna lile fukuto, jasho linatoka lakini halikauki, linabaki mwilini kama mafuta. Mwanangu alikuwa na miaka 2. Shingo na mgongo vimejaa vipele vya joto, na ikifika saa sita usiku kilio kinaanza.

Tukaenda kwenye shughuli ya kifamilia. Mtoto kasinzia mapajani mwangu mchana kweupe, na mimi mwenyewe nasinzia. Wifi yangu akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba mtoto halali usiku kwa sababu nimemzoesha mikononi na sijui kulea. Mwingine akadakia kwamba mtoto ana zongo, atafutiwe mtu wa kumsomea. Sikujibu. Nilirudi nyumbani nikalia, na sioni haya kusema kwamba mpaka leo yananiuma.

Baada ya hapo nikawa natafuta dawa ya joto kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilinunua feni kubwa ya kusimama, nikaielekeza usoni kwake usiku kucha. Asubuhi pua zimekauka, anakohoa, na mgongo umelowa vilevile. Nikasikia watu wanalowesha khanga wanaitandaza juu ya chandarua, nami nikafanya. Labda Dodoma, kwenye hewa kavu, maji yanakauka na kuvuta joto. Pwani hewa yenyewe imeshashiba maji. Chumba kikawa kizito zaidi.

Kosa langu kubwa ni lililofuata. Nikaona chandarua ndicho kinachozuia upepo, nikakitoa. Alilala vizuri kidogo siku mbili tatu, nikajipongeza. Haikupita wiki tatu akapata homa, tukaenda kupima, malaria. Nilimtazama amelegea begani kwangu, hawezi hata kulia, nikajua hili nimemfanyia mimi. Kwa hiyo mtu akikwambia toa chandarua kwa sababu ya joto, usimsikilize. Usimsikilize kabisa.

Jibu lilikuja usiku ambao umeme ulikatika. Feni imesimama, giza, mtoto anagaragara. Nikaingiza mkono chini ya mgongo wake nimgeuze, shuka limelowa kama limetolewa kwenye beseni. Nikadhani amekojoa. Nikawasha tochi ya simu nikavuta shuka. Chini yake ilikuwa ile nailoni ya dukani, iliyokuja na godoro. Sikuwahi kuitoa, nikisema ataharibu godoro kwa mkojo. Matone ya jasho yamekaa juu ya nailoni yanang'aa. Mgongoni mwake mikunjo ya nailoni imejichora mistari myekundu, na vipele vimefuata mistari hiyohiyo.

Miezi yote ile nilikuwa natazama juu, kwenye feni na mabati. Joto lilikuwa chini yake.

Nikatandika mkeka wa ukili sakafuni, juu yake khanga moja kuukuu, nikamlaza na kumtundikia chandarua. Kabla sijamaliza kukichomeka pembeni alikuwa ameshalala. Aliamka saa kumi na mbili. Mimi sikulala, nilikaa namsikiliza anavyopumua.

Kesho yake niliichana nailoni yote, nikatoa godoro juani. Badala yake nikawa naweka taulo nene lililokunjwa pale kwenye makalio tu, likilowa linafuliwa. Na juu ya godoro, mkeka. Ukili unapitisha hewa, povu la godoro linakumbatia mwili na kurudisha joto lake. Bibi zetu walilaza watoto kwenye mikeka, nasi tukaiona ni ya kishamba.

Baadaye nikaanza kuchunguza chumba kizima kwa kiganja. Jioni moja, saa tatu, niligusa ukuta wa magharibi, ule ambao kitanda kiliegemezwa. Ulikuwa wa moto, kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Jua la alasiri linaupiga, tofali linanywa joto lile na kulitema usiku kucha, na mtoto wangu nilikuwa nimemlaza ubavuni mwake. Nikasogeza kitanda katikati. Pazia la upande huo likawa linafungwa tangu saa sita mchana, na dirisha linafunguliwa jua likishazama. Jiko la mkaa likahamia nje, na chakula cha usiku kikapikwa mapema.

Dirisha lenyewe lilinishangaza. Haya madirisha ya vioo vya kusukuma yanafunguka nusu tu, na nusu hiyo kuna wavu wa mbu. Nilichukua brashi na maji ya sabuni nikausugua. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuoshea masizi. Vumbi la barabara lilikuwa limeziba vitundu vyote. Jioni ile ndipo pazia lilipocheza kwa mara ya kwanza.

Feni sijaitupa. Naiweka karibu na dirisha baada ya magharibi, isukume hewa ya nje iingie, au inapuliza ukutani na kumrudia mtoto taratibu. Kabla ya kulala anaoga maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi kali yanamshtua mtoto na ngozi inajifunga, joto linabaki ndani. Kisha anavaa chupi na fulana nyepesi ya pamba, au chupi tu. Basi.

Na hapa nitasema wazi kwa sababu naona mambo mitaani. Wazazi wenzangu, kwa nini tunawavisha watoto wachanga sweta, soksi, kofia na blanketi Januari, Dar es Salaam? Tunaogopa baridi ipi? Mtoto mchanga hawezi kujifunua wala kusema ninaungua, na kuzidiwa na joto usingizini ni hatari kwa maisha yake. Usipime kwa mikono na miguu yake, hiyo huwa ya baridi hata akiwa na joto. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Ukikuta jasho, punguza nguo. Kama hajafikisha miezi 6, usimpe maji kwa sababu ya joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Aliyezidi miezi hiyo mpe maji mchana kutwa, usingoje usiku. Na ukimpunguzia nguo, ukampepea, mwili bado unachemka, hilo si joto la hali ya hewa tena. Peleka akapimwe, usiku huohuo.

Tuache pia kunyoosheana vidole. Mama ambaye mtoto wake halali anahitaji mtu wa kumshikia mtoto kwa muda wa saa mbili ajinyooshe. Ukishindwa hilo, nyamaza. Wifi yangu alipata mtoto mwaka jana. Desemba alinipigia simu usiku, mtoto analia. Nilimwambia pindua shuka utazame chini kuna nini.

Mdogo wangu wa Tanga, nawe leo anza na hilo. Uliniuliza kama mnaweza kulala barazani. Mnaweza, mradi pana ukuta na mlango wa kufunga, na chandarua kitundikwe kwanza, kichomekwe chini ya mkeka pande zote, ndipo mtoto aingie. Na huo mkeka uanike leo mchana, usiwe na unyevu.